Kitalu Nyuma ya Darasa: Miche, Wanafunzi na Likizo

Mwanachama mwenzetu mmoja alikwenda hija na kurudi Riyadh na swali. Alisema kwamba siku ya Arafa, jua likiwa utosini, alipata kivuli chini ya mti aliouona kama mtu wa nyumbani. Majani yalikuwa yale yale ambayo bibi yake kule Tanga alikuwa akiyachemsha mtu akishikwa na homa. "Huu si mwarobaini?" alijiuliza. "Nani kauleta huku?"

Ni mwarobaini kweli, na haukuota wenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 miti ipatayo 50,000 ya aina hiyo ilikuwa imeshapandwa katika uwanda wa Arafa, kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 10, ili mahujaji wapate kivuli. Asili ya mti huu ni Bara Hindi na Burma. Ulifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na Waswahili wakaupa jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Kwa hiyo mwenzetu alikutana na mgeni mwenzake, si ndugu, ingawa wote wawili walikuwa wamepokewa vizuri.

Swali lake lilinivuta kwenye swali jingine. Kabla ya kupandwa Arafa, miche hiyo 50,000 ilikuwa wapi? Mti unaonekana, picha hupigwa siku ya kupanda, na jina la mgeni rasmi huandikwa. Miezi ya kabla ya siku hiyo, mche unapokuwa kwenye kiriba na mtu anapokuja na maji asubuhi na jioni, haina mwandishi. Na sisi tuna sababu ya kuitafuta historia hiyo sasa hivi. Katika mkutano uliopita wa chama chetu lilitolewa pendekezo kwamba tuombe chuo kitupatie kona nyuma ya jengo la madarasa, tuanzishe kitalu cha miche, na baadhi ya vipindi vyetu vya mazungumzo vifanyikie huko nje wakati wa majira ya baridi. Waliounga mkono walikuwa wengi. Waliopinga walikuwa na hoja moja tu, lakini nzito: Julai na Agosti, sote tukiwa Mombasa, Bujumbura na Zanzibar, nani atamwagilia?

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jaribio la kulitafuta kwa wale waliotangulia.

Nianze na maneno, maana sisi ni chama cha lugha. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kitalu kuwa ni uzio au ukuta wa mawe, au kiwanja kilichozungushiwa uzio. Maana ya mahali pa kukuzia miche imetoka humo: kitu kichanga kinawekewa mpaka mbuzi asikifikie. Wenyeji wetu hapa wanapaita mahali hapo mashtal, na mche ni shatla. Na mji wenyewe tunaoishi, Riyadh, jina lake ni wingi wa rauda, yaani bustani. Mgeni anayetua uwanja wa ndege mwezi wa Agosti anaweza kudhani jina hilo ni mzaha, lakini lilikuwa sahihi. Mji ulikua kando ya Wadi Hanifa, penye visima na mitende.

Turudi Afrika Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Kilikuwa na bustani kubwa ya majaribio na vitalu vilivyogawa mbegu na miche kwa walowezi. Vibarua wa Kiafrika walifanya kazi ya mikono, na wataalamu wa Kizungu waliandika matokeo. Anayetafuta mwanafunzi katika picha hiyo hatamwona.

Mwanafunzi anaingia baadaye, tena kwa mlango wenye utata. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast. Tume ilivutiwa na mfano wa Tuskegee, shule aliyoianzisha Booker T. Washington mwaka 1881, ambako wanafunzi walijenga na kulima huku wakisoma. Ikapendekeza elimu inayofanana na maisha ya kijijini: afya, ufundi, kilimo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya, ya kuwafunza walimu wa aina hiyo. Pendekezo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kwamba mzazi wa Kiafrika aliona mtoto wa mlowezi akipewa vitabu na mtoto wake akipewa jembe. Shamba la shule likaanza maisha yake likiwa na harufu ya dharau, na nadhani harufu hiyo haijaisha mpaka leo. Kila tunaposikia mwalimu akisema "utaenda kumwagilia bustani" kama adhabu, tunaisikia.

Kuna tukio moja la miaka hiyo hiyo ninalolipenda kwa sababu jina lake ni la Kiswahili. Richard St. Barbe Baker alikuwa Mwingereza, ofisa wa misitu nchini Kenya tangu 1920, na kituo chake kilikuwa upande wa Wakikuyu. Aliona vilima vimebaki vipara, akataka miti ipandwe, lakini serikali haikumpa fedha. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wazee aliowaeleza walimjibu kwamba miti ni "shauri ya Mungu". (Walimu wetu watasahihisha: shauri la Mungu. Hicho ndicho Kiswahili cha bara cha wakati ule, na mimi siwezi kukirekebisha kwa niaba ya wazee.) Baker alifahamu kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya kuvuna. Akauliza, mbona hakuna ngoma ya miti? Tarehe 22 Julai 1922 ngoma hiyo ikachezwa, kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo. Vijana waliochaguliwa waliahidi kupanda miti kila mwaka, kuitunza, na kutenda jambo jema kila siku. Wakajiita Watu wa Miti. Chama hicho kilivuka bahari, kikaanzishwa Uingereza mwaka 1924, na kingalipo kwa jina jingine.

Ninachokitilia maanani katika kisa hiki ni kwamba vijana wale hawakuwa wanafunzi wa mtu. Hawakupewa alama wala adhabu. Walikuwa na ahadi, na kitalu kilikuwa jirani na makazi yao. Likizo haikuwahusu.

Sasa mwaka 1967. Hapa Jeddah mwaka huo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, kwa juhudi za wafanyabiashara na wakazi wa mji, kabla hakijawa cha serikali. Arusha, mwezi wa Februari, lilitangazwa Azimio, na mwezi wa Machi Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Sisi tuliosoma Tanzania tumelisikia jina hilo hadi limetuchosha, na wengi wetu tunalijua kwa kuambiwa tu. Niliposoma waraka wenyewe nilishangaa. Nilitarajia amri ya kulima, nikakuta sehemu ndefu inayosisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua: shamba lilimwe nini, mapato yatumikeje, nini kianze na nini kingoje. Mwalimu alionya wazi kwamba asingependa shule iwe na shamba kubwa la mitambo ambamo wanafunzi wanafuata maagizo ya msimamizi. Alitaka makosa yawe ya wanafunzi, na faida iwe yao pia.

Kilichofuata kilikwenda njia nyingine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 shule zilitakiwa kuchangia sehemu ya gharama zake kwa mazao yake. Lengo likawa mavuno. Shule nyingi zililima mahindi na pamba, na wanafunzi walibeba majembe, lakini ile sehemu ya kuamua ikabaki kwenye karatasi. Kenya ilikuwa na njia yake: vilabu vya 4K vya mashuleni, vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Herufi hizo ni za Kiswahili, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto walikuwa na vijishamba vyao na mashindano yao. Vilififia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021.

Hapa niseme yangu. Shule niliyosoma msingi ilikuwa na kitalu nyuma ya darasa la tano. Tulijaza viriba kwa udongo wa msituni, mchanga na samadi, tukapanda mikangazi na mijohoro, na kila mtoto alikuja na maji kutoka nyumbani, lita tano kichwani. Miche ilifika urefu wa kiganja. Mwezi wa Juni tukafunga shule. Mwalimu wa zamu aliandika orodha ya watakaokuja kumwagilia, akaibandika mlangoni mwa ofisi, na ofisi ikafungwa na orodha ikiwa upande wa ndani. Tuliporudi Julai tulikuta mistari ya viriba vyeusi vyenye vijiti vya kahawia. Hakuna aliyegombezwa. Tulimwaga udongo, tukafua viriba, tukaanza upya, na Desemba ikawa vile vile. Hadi namaliza darasa la saba nilikuwa nimepanda mbegu mara nyingi na sijawahi kuona mti uliotoka mkononi mwangu.

Ndiyo maana hoja ya Julai na Agosti ilinigusa. Si hoja ya wavivu. Katika historia ya vitalu vya wanafunzi, adui mkubwa kuliko mchwa na mbuzi ni kalenda ya masomo.

Wangari Maathai alilijua adui huyo kwa sura nyingine. Huyu alikuwa mwanachuo hasa: shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, ya pili Pittsburgh, kisha udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Jaribio lake la kwanza la kitalu, katikati ya miaka ya 1970, lilikwama, na miche mingi ilikauka kwa kukosa maji. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na hiyo ikawa siku ya kuzaliwa kwa Green Belt Movement. Hata hiyo saba haikuishi yote. Kilichobadilisha mambo ni pale kitalu kilipohamia kwa wanawake vijijini, karibu na kisima na karibu na jiko, na malipo yakawa ya namna ya pekee. Mwanamke hakulipwa kwa kupanda. Alilipwa senti chache kwa kila mche uliopandwa na ukashika. Wataalamu wa misitu walikuwa wamesema kwamba kazi hiyo inahitaji watu wenye diploma. Kufikia mwaka 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wanawake hao wasio na diploma walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30.

Mtu wa pili ninayetaka wasomaji wetu wamjue ni Sebastian Chuwa wa Kibosho, chini ya Kilimanjaro. Alisoma Chuo cha Mweka, ambako darasa kubwa ni la porini, akafanya kazi miaka mingi Ngorongoro, kisha akarudi kwao. Mti aliouhangaikia ni mpingo, ule wa vinyago vya Wamakonde, ambao Ulaya wanatengenezea klarineti. Mpingo hukua taratibu sana. Anayeatika mbegu yake leo hatauona ukikomaa, kwa sababu huchukua miaka 70 au zaidi. Mwaka 1996, yeye na James Harris, fundi wa mbao kutoka Texas aliyeguswa na filamu kuhusu mti huo, walianzisha mradi wa kuuhifadhi. Chuwa aliwekeza nguvu kwa vilabu vya vijana na shule. Mwaka 2004 walisherehekea mche wa milioni moja, wa aina mbalimbali. Alifariki 2014.

Katika njia ya Chuwa kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo jibu nusu. Kitalu cha shule hakikuachwa kiwe cha shule peke yake. Vikundi vya akina mama na wanakijiji walikuwamo tangu kujaza viriba, na miche mingine ilikuwa yao. Shule ikifungwa, kitalu kina wenyewe. Kigoma nako, mradi ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe uliweka vitalu vijijini. Miaka mitatu kabla yake, Dar es Salaam, wanafunzi wachache wa sekondari walikusanyika nyumbani kwa Jane Goodall na kuanzisha Roots & Shoots, ambayo leo imeenea nchi nyingi. Wanafunzi wale walikuja na malalamiko yao wenyewe kuhusu mazingira, na kazi waliyoifanya baadaye waliichagua wao. Nyerere angefurahi, nadhani.

Na hapa tulipo? Jeddah imeijua shida ya maji kuliko miji mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, na wenyeji wakauita kindasa, neno walilolichukua kwa Wazungu na kulilainisha, kama sisi tulivyofanya na mashine na baiskeli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ndipo maji ya Wadi Fatima yalipoletwa mjini kwa mabomba. Bustani za ufukweni tunazozipita jioni ni watoto wa mabomba. Leo Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz kina kituo cha utafiti huko Hada Al-Sham, kaskazini-mashariki mwa mji, ambako kilimo cha nchi kame kinajaribiwa shambani na si kwenye slaidi.

Riyadh hupata mvua ya takribani milimita 100 tu kwa mwaka. Wadi Hanifa, iliyoupa mji uhai, iligeuka jalala la taka na maji machafu mji ulipopanuka, kisha ikasafishwa kwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2010 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwezi wa Machi 2019 ukatangazwa mpango wa Green Riyadh: miti milioni 7.5 ifikapo 2030, na maji yaliyosafishwa kutoka mitaroni yatumike kumwagilia, kutoka mita za ujazo 90,000 kwa siku hadi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2021 ikafuata azma ya taifa zima, miti bilioni 10 kwa miongo ijayo. Ukubwa wa namba hizi unatisha. Lakini tazama mpangilio wake: maji yamehesabiwa pamoja na miti. Katika shule yangu tulihesabu viriba tu.

Baadhi ya wenzetu waliuliza kwenye mkutano, miche yetu 100 itaongeza nini kwenye milioni 7.5? Kwa hesabu ya miti, si kitu. Ila pendekezo letu halikuwa la kuisaidia serikali ya Saudia kupanda miti. Lilikuwa la kujifunza nje. Mwanafunzi wa Kisaudi anayejifunza Kiswahili hapa anaweza kukariri ngeli ya M-MI mwaka mzima na bado akasema "miche hii limekauka". Mpe keni ya maji na kiriba, mwambie huu mche umekauka, ile miwili imeshika, na kile kitalu kinahitaji kivuli, naye atajisahihisha kabla hujafungua kitabu. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tutajifunza kitu kwake pia, maana babu yake huenda alikuwa na mitende, na kupandikiza chipukizi la mtende ni elimu ambayo wengi wetu hatunayo.

Basi, nirudi kwenye Julai na Agosti. Kwa niliyoyasoma, ninapendekeza mambo ambayo mkutano ujao unaweza kuyakataa. Kwanza, tusiombe kona nyuma ya madarasa. Tuombe karibu na nyumba ya watunza bustani wa chuo, wanaoishi hapa mwaka mzima, na tuwaalike wawe wenye kitalu pamoja nasi tangu siku ya kwanza. Baadhi yao ni Wasudani, na mwarobaini wanaujua vizuri: kwao ni nim. Sehemu ya miche iwe yao kuipeleka watakapo. Pili, tusihesabu mbegu tulizopanda. Ripoti ya chama iandike miche iliyo hai siku ya kufunga chuo na iliyo hai siku ya kufungua, basi. Tatu, tuanze na mwarobaini. Una faida nyingi, lakini una sharti moja: mbegu yake haingoji. Ikishatolewa nyama yake na kukaushwa kivulini inapaswa kuingia udongoni ndani ya wiki mbili hivi, kabla uwezo wa kuota haujashuka. Hatuwezi kuiweka kabatini hadi muhula ujao.

Nimezungumza na wawili wanaobaki bwenini kiangazi hiki kwa ajili ya tasnifu zao. Mmoja amekubali. Wa pili amesema atakubali akionyeshwa bomba liko wapi.